Ile F12 ku karatasi ya munganga inasema nini?

Mama mmoja wa Kolwezi alitufikia na karatasi aliyoikunja mara nne, mpaka ikakuwa ndogo kama tikiti ya basi. Bwana yake anaendesha benne mu kampani moja ya shaba. Walimupima mukojo, wakakuta alama ya bangi. Munganga wa kazi akaongea naye, akamuandikia karatasi, akamuambia arudi kisha wiki tatu. Ku karatasi kuna maneno mawili ya Kifaransa, "inapte temporaire", na chini yake alama moja: F12.1.

"Baba, miye nilisoma, Kifaransa nasikia kidogo," mama alituambia. "Inapte najua. Lakini hii F, hakuna mutu ananielezea. Mama mukwe anasema ni namba ya batu ba wazimu, anataka tumupeleke ku chumba cha maombi. Mudogo wa bwana yangu anasema ni namba ya polisi. Na bwana mwenyewe anakatala kurudia ku munganga. Anasema akirudia kule, batamuandika wazimu kabisa."

Tulimuomba aifungue karatasi ku meza, tukaisoma pamoja. Hayuko peke yake. Mu nyumba nyingi za watu wa migodi kuna karatasi kama hii, imefichwa chini ya godoro ao mu kabati, na jamaa wanaiogopa kuliko ugonjwa wenyewe. Njo maana leo tunaielezea, herufi na namba, moja moja.

Kitabu kimoja kwa dunia nzima

F12.1 haikutungwa na munganga wa kampani. Inatoka ku kitabu kinachotumiwa dunia nzima. Kwa Kifaransa kinaitwa Classification internationale des maladies. Kwa kifupi, CIM. Mwanzo wake ni wa zamani: mwaka 1893, Mfaransa Jacques Bertillon, aliyekuwa mkubwa wa kazi ya takwimu mu mji wa Paris, alipeleka ku mkutano wa Chicago orodha ya sababu za vifo, ili nchi zote ziweze kuhesabu wafu wao kwa namna moja. Mwaka 1948, OMS, shirika la afya la dunia, ikaichukua kazi hiyo, na orodha ikaingiza pia magonjwa yasiyoua.

Kitabu kinachojulikana sana ku hospitali ni toleo la kumi, CIM-10, lililokubaliwa mwaka 1990. Toleo la kumi na moja lilianza tarehe 1 Januari 2022, lakini nchi zinahamia kwake polepole. Mule, bangi imepewa alama ingine: 6C41. Kwa hiyo, ukiona 6C41 siku moja, ujue ni ndugu ya F12, si ugonjwa mupya.

Faida ya alama hizi ni nyepesi kuelewa. Munganga wa Likasi akiandika B54, munganga wa Kinshasa ao wa Brussels anajua mara moja kwamba ni malaria. Mzee wa mugodi ambaye mapafu yake yaliharibiwa na vumbi la mawe anaandikiwa J62. Hakuna mutu anaona haya juu ya B54, wala jamaa haifichi J62 chini ya godoro. F12 ni alama ya namna ile ile.

Majirani wa bangi mu kitabu

Herufi F inafungua sura ya magonjwa ya akili na ya mwenendo. Neno "akili" njo linaogopesha watu. Lakini sura hii ni nyumba kubwa yenye vyumba vingi: kuna kukosa usingizi, kuna huzuni nzito, kuna woga unaomushika mutu bila sababu, kuna shida za watoto wenye kuchelewa kusema. Wazimu ni chumba kimoja tu.

Vyumba toka F10 mpaka F19 ni vya vitu ambavyo mutu anakunywa, anameza ao anavuta, na vinamubadilisha kichwa. F10 ni pombe: bia na lutuku, zote ziko mule. F11 ni dawa za jamii ya afyuni. Vidonge vya Tramadol, ambavyo vijana wanameza ku machimbo ili wasisikie maumivu, vinaingia humo. F12 ni bangi. F13 ni dawa za kulalisha. F17 ni tumbako. F19 ni pale mutu anachanganya vitu vingi mpaka munganga hawezi kutenga kipi kinaleta shida.

Tuliposema vile, mama alicheka kwa mara ya kwanza. Baba mukwe wake anavuta paketi moja ya sigara kila siku, na hawezi kuamka bila kuwasha moja. Munganga angemuandika, ingekuwa F17.2. Yeye pia yuko mu sura ya F, nyumba chache tu toka kwa mutoto wake, na hakuna mutu wa kusema apelekwe ku maombi.

Siri iko nyuma ya nukta

F12 peke yake inasema tu kitu gani: bangi. Namba inayofuata nukta njo inasema shida ni ya namna gani. Wengi wanasoma F12 na kuishia pale, kumbe tofauti kati ya .0 na .5 ni kubwa kama tofauti kati ya kikohozi na kifua kikuu.

F12.0 ni kulewa kwa wakati ule. Mutu amevuta, macho ni mekundu, moyo unakimbia, kichwa kinachelewa. Ikiisha, imeisha.

F12.1 ni matumizi yenye kudhuru. Maana yake, kuvuta kumekwisha kuharibu afya, ya mwili ao ya akili, na munganga ameona ile hasara.

F12.2 ni kushikwa. Bangi njo inamuongoza mutu, kuacha kunamushinda.

F12.3 ni hali inayomupata mutu akiisha kuacha: usingizi unakimbia, hasira iko karibu, chakula hakishuki, jasho linatoka. Kwa kawaida inaanza mu siku moja ao mbili, inapanda mu juma la kwanza, na kwa wengi inapungua kisha wiki mbili hivi.

F12.5 ni pale akili inaacha njia: mutu anasikia sauti ambazo wengine hawasikii, ao anaamini majirani wanataka kumuua. Hapa njo kuna kile watu wanaita wazimu.

F12.9 ni pale munganga ameona shida ya bangi lakini hajaitaja ni ya namna gani. Ukiipata hiyo, una haki ya kuuliza.

Kuna pia alama ya nje ya sura hii, Z72.2. Inasema mutu anatumia kitu cha kulewesha, basi. Si jina la ugonjwa.

Bwana wa yule mama ameandikiwa .1. Tukamuuliza: hasara gani munganga aliiona? Alifikiri kidogo. "Toka mwaka jana moyo unamupiga usiku. Anaamuka, anasema anakufa. Na kukohoa hakuishi." Njo vile. Alama .1 inahitaji hasara kama hiyo, inayoonekana. CIM-10 inasema wazi kwamba ugomvi na bibi, kukamatwa, ao kusemwa vibaya na watu wa kanisa, peke yake haitoshi kumuandikia mutu F12.1. Kitabu hakihukumu tabia. Kinatafuta hasara ku afya.

Maswali sita ya kushikwa

Watu wanapima "kushikwa" kwa macho: akivuta kila siku, ameshikwa, akivuta Jumamosi tu, yuko sawa. Munganga hapimi vile. CIM-10 inamupa alama sita za kutafuta, na inataka tatu ao zaidi zilionekana pamoja mu mwaka uliopita. Tunaziweka hapa kwa maneno ya nyumbani.

Ya kwanza: hamu ni kali mpaka inafukuza mawazo mengine? Ya pili: anashindwa kujizuia, anasema "moja tu" na anavuta tano? Ya tatu: akikosa bangi, mwili na moyo vinasumbuka? Ya ine: kipimo cha zamani hakimutoshi tena, anaongeza? Ya tano: mambo aliyoyapenda, mupira, kuimba mu kwaya, kucheza na watoto, ameyaacha ili apate wakati wa kuvuta? Ya sita: anajua wazi bangi inamuharibu, na hata hivyo anaendelea?

Mama alihesabu kwa vidole, akafika ku moja, pengine mbili. Tulimuambia asijifanye munganga: maswali haya yanaulizwa polepole, kwa mutu mwenyewe, na si ya kumurushia bwana wakati wa ugomvi. Lakini sasa anaelewa kwa nini ku karatasi kuna .1 wala si .2. Na anaelewa pia jambo lenye maana kuliko yote: .1 ni mahali pazuri pa kusimama. Mutu amepata hasara, bado hajashikwa. Akikimbia munganga sasa, njo anaweza kuteremuka mpaka .2 bila mutu kuona.

Wenye kutafuta mu simu waangalie kitu kimoja. Mara nyingi wanakuta F12.10, F12.20, na maneno "kidogo, wastani, kali". Hiyo ni namna ya Marekani. Waganga wa akili wa kule, toka mwaka 2013, wanaunganisha kudhurika na kushikwa kuwa ugonjwa mumoja wenye alama kumi na moja: mbili ao tatu ni kidogo, ine ao tano ni wastani, sita na zaidi ni kali. Si uongo, lakini si lugha ya karatasi yako. Usichukue kipimo cha kule kusomea namba ya huku.

Mukojo hausemi yote

Mabishano mengi ku kampani yanaanza ku kopo la mukojo. Kitu chenye nguvu mu bangi kinaitwa THC. Mwili unakiweka mu mafuta yake na kukitoa polepole. Mutu aliyevuta mara moja anaweza kuonekana mu mukojo kwa siku chache. Yule wa kila siku, wiki nyingi, hata mwezi kisha kuacha. Kwa hiyo kipimo kinasema bangi ilipita mu mwili. Hakisemi dereva alikuwa amelewa asubuhi ile ku usukani, wala hakisemi ni mugonjwa. Kutoka ku kopo mpaka ku F12.1 kunahitajika masolo na munganga, maswali, na kuangalia mwili. Kama hakuna aliyekuuliza kitu, na ku karatasi kuna F12.2, uliza ilitoka wapi.

Lakini tusidanganyane upande mwingine. Kampani inayopima haifanyi vile juu ya chuki tu. Bangi inachelewesha mukono na jicho. Kupima mbali na karibu kunapotea. Benne iliyojaa mawe haisimami kama baiskeli, na chini yake kunapita watu wenye watoto ku nyumba. "Inapte temporaire" inasema: kwa sasa, usikamate usukani. Haisemi: kazi imekwisha.

Kwa wachimbaji wa mikono hatari ni ile ile, bila karatasi. Ku machimbo tunasikia kila siku kwamba bangi inaleta nguvu na inatosha woga. Nguvu haiongezi, inaficha uchovu. Na woga, kwa mutu aliye mita nyingi chini ya udongo, ni rafiki: njo unamuambia kwamba ukuta unapasuka, kwamba hewa imekuwa nzito, kwamba kamba imechakaa. Mwenye kuufukuza ule woga anashuka peke yake.

Na ile .5?

Hatutaki kuficha: bangi inaweza kuvuruga akili kweli, zaidi kwa kijana aliyeanza mapema na kuvuta nyingi. Lakini hata F12.5 si kaburi. CIM-10 inasema kwa kawaida hali hiyo inapungua mu mwezi mumoja na inaisha kabisa mu miezi sita. Ikipita pale, munganga anatafuta sababu ingine. Na mbele ya kuandika .5 anapaswa kuangalia malaria iliyopanda ku kichwa, ao jiwe lililomupiga mutu wiki iliyopita, kwa sababu vyote vinaweza kufanana.

Hapa njo jamaa zinapoteza wakati. Kijana anasikia sauti, wanamufunga kamba, wanamuweka mu chumba cha maombi siku nyingi bila kula vizuri. Kuomba hatukatazi, hata munganga anaweza kuomba. Lakini kamba si dawa, na malaria ya kichwa haingoji. Lubumbashi kuna Centre neuropsychiatrique Docteur Joseph Guislain, nyumba ya Mabradha wa Upendo, ambayo kazi yake ni magonjwa haya. Kwa wale wa mbali, mlango wa kwanza ni centre de santé ya karibu: pale wataangalia malaria, kisha watawaonyesha njia.

Kwa .1 na .2, kazi kubwa ni masolo: kukutana na munganga ao muuguzi mara kwa mara, kutafuta saa na rafiki zinazoleta hamu, kupunguza ao kuacha, na jamaa kuvumilia zile wiki mbili za hasira. Bibi akijua kwamba hasira ile ina jina, F12.3, na ina mwisho, hafikiri tena bwana amemuchukia.

Karatasi inapita mikono ya nani?

Mudogo wa bwana aliogopa polisi. Ni kweli, sheria ya nchi yetu inakataza bangi, na hatumudanganyi mutu juu ya hilo. Lakini alama ya CIM ni neno kati ya munganga na mugonjwa. Code pénal ya Congo, ku kifungu cha 73, inaazibu mutu ambaye kazi yake inamupa siri za watu na anazitoa nje bila sheria kumulazimisha. Ofisi ya wafanyakazi inahitaji kujua jambo moja: apte, inapte, ao apte kwa kazi ingine, na kwa muda gani. Jina la ugonjwa na namba yake vinabaki mu dosye ya munganga. Kama karatasi ya kupeleka ku ofisi ina F12 juu yake, omba kwa heshima ingine isiyo na alama.

Bureau international du Travail ilitoa mwongozo mwaka 1996 juu ya pombe na vitu vya kulewesha ku kazi. Unasema shida hizo zihesabiwe kama shida za afya, na mutumikaji apewe nafasi ya kutunzwa kama mugonjwa mwingine yeyote. Mwongozo si sheria ya kumufunga bosi, lakini mujumbe wa sendika anaweza kuuweka ku meza. Na Code du travail yetu ya mwaka 2002 inamulazimisha mwenye kazi kutunza afya ya mutumikaji wake na jamaa yake. F12.1 ni jambo la afya kama B54.

Mchimbaji wa mikono hana munganga wa kampani, na mara nyingi hakuna anayemuandikia kitu. Mutu anaweza kufikiri ni bahati. Sisi hatuoni vile. Alama hizi njo zinahesabiwa juu, ku zone de santé na ku wizara. Ugonjwa usioandikwa hauonekani, na usioonekana haupewi muuguzi wala franga. Viongozi wa kooperative wangeweza kuanza na kitu kidogo: kumuleta muuguzi ku machimbo siku moja kwa mwezi, kuongea na watu bila bunduki wala matusi.

Tulimurudishia mama karatasi yake. Nyuma yake aliandika kwa biki maswali mane ya kumupa bwana aende nayo: Ni hasara gani uliyoiona mpaka ukaandika .1? Nifanye nini mu hizi wiki tatu? Ni nini utaangalia siku nikirudi, ili uandike apte? Na nani mwingine anasoma hii karatasi?

"Nitamuambia kwanza habari ya sigara za baba yake," alisema, akaiweka mu mufuko, safari hii bila kuikunja sana. Siku ya kurudi ku munganga ilikuwa bado siku tano.